Kadi ya Kitabu cha Ushonaji

Tega sikio, mjukuu wangu, nami nikutegee kitendawili. Wageni wangu wamesimama ukutani mwaka mzima, na hakuna hata mmoja anayelalamika miguu. Wanajua mambo ya dunia nzima, lakini hawasemi mpaka uwaangalie usoni. Ni kina nani hao? Vitabu, basi! Vitabu vya maktaba. Hicho kilikuwa chepesi. Sasa chukua mdogo wake: ni nani aliyemchukua mgeni mmoja kati ya hao, akaenda naye nyumbani mara kumi, akamkalisha mezani pake, asisikie neno lake hata moja?

Usijibu haraka. Chiriku alikisikia kitendawili hicho tangu alipoanza kung'oka meno ya utoto, na kila mara alishindwa.

Chiriku alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi alikuwa fundi cherehani, na jioni, akishapiga pindo la mwisho, alimtegea mjukuu wake.

"Ni kiziwi, Bibi."

"Siye."

"Ni mtoto mchanga!"

"Siye. Nipe mji."

Chiriku alimpa mji, tena mji mkubwa wenye reli na kiwanda. Bibi aliutafuna kidogo, akatikisa kichwa. "Mji huu haushibishi. Jibu nabaki nalo."

Siku hizo kompyuta ilikuwa bado kitu cha kufunikwa kitambaa, na maktaba ya mji ilikuwa na harufu yake, harufu ya karatasi kuukuu, gundi na wino wa muhuri. Sakafu ilisuguliwa mpaka ukajiona. Nyuma ya kaunta ya mbao alikaa mkutubi, ambaye mji mzima ulimwita Mama Muhuri. Ukiazima kitabu, aliivuta kadi kutoka kwenye kimfuko kilichogundishwa ndani ya jalada la nyuma, wewe ukaandika jina lako kwenye kadi, naye akaigonga tarehe, pa! Kadi ilibaki kwake, kitabu kikaenda kwako. Ukikirudisha, kadi inarudi kimfukoni. Kwa njia hiyo kila kitabu kilibeba mgongoni majina ya wote waliowahi kukishika.

Maktaba ile haikuwa ya kusoma kimya tu. Jumatano alasiri, chumba cha nyuma kilikuwa cha watu wazima waliokuwa wanajifunza kusoma na kuandika. Bibi yake Chiriku hakukosa hata Jumatano moja. Alikaa na wanafunzi wapya akiwashika mkono wa kuandikia, akiwaambia, "Usiikamue kalamu, baba, haitoi maziwa." Jumamosi ilikuwa ya watoto. Walisomeana hadithi, na mara moja kwa mwezi mtoto mmoja alisimama kusoma mbele ya wazazi.

Mwezi huo zamu ilikuwa ya Mapengo, msichana mwenzake na rafiki wa Chiriku wa kufa na kuzikana. Mapengo alikosa meno mawili ya mbele baada ya kuanguka ngazini, na kila alipotamka "s" ilitoka na mluzi. Darasani walimcheka mpaka akaacha kunyoosha mkono. Lakini kwa hadithi hii alikuwa amefanya mazoezi wiki nne. Baba yake, mchukuzi wa mizigo sokoni, alikuwa mwanafunzi wa Jumatano, na alikwisha kuomba ruhusa kazini.

"Hajawahi kunisikia nikisoma," Mapengo alimwambia Chiriku. "Naye anasema akinisikia, atanisomea na yeye sentensi moja. Sentensi moja tu, lakini yake mwenyewe!"

Jumamosi moja kabla ya siku hiyo, Mama Muhuri aliwakusanya watoto.

"Wanangu, mwezi ujao kadi zote zinaingia kwenye kompyuta. Kwanza tuwahesabu wageni wetu. Mtafanya wawili wawili. Mmoja anatoa kadi, mwingine anaita namba na kuipanga kadi kwenye trei. Mgeni akiwa rafuni, mnasemaje?"

"Yupo!"

"Na kitabu kisicho na kadi?"

"Kimepotea!"

"Hata kama nakiona kwa macho yangu," alisema Mama Muhuri, "bila kadi siwezi kujua kimetoka wapi wala kimekwenda kwa nani. Kwa hiyo vidole taratibu." Akanyoosha mkono kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye mwandiko wake mwenyewe: *Anayepoteza kadi hasomi mbele ya wazazi mpaka kadi ionekane.*

Chiriku alitoa kadi, Mapengo akaita. Rafu ilikuwa ya kazi za mikono.

"Mia shita arobaini na moja!"

"Yupo!"

"Mia shita arobaini na tano! Usicheke, Chiriku."

"Nimecheka saa ngapi? Yupo!"

Kisha Chiriku alifungua kitabu cha ushonaji. Jalada lilikuwa limefifia, mwanamke ameinama juu ya kitambaa na mkasi mkononi. Alivuta kadi, na mdomo wake ukasimama. Kadi nzima ilikuwa jina moja. Jina la Bibi, lile lile lililoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Alihesabu kwa macho, mara kumi na moja, na tarehe za juu zilifuatana wiki mbili mbili. Majina kumi ya mwanzo yalisimama yamekakamaa, herufi moja moja, kama yamechorwa. La kumi na moja lilikuwa limeandikwa kwa mkono uliolegea, unaokimbia.

Bibi hajawahi kuniambia, aliwaza. Kitabu kimoja mara kumi na moja! Nitamwonyesha leo, Jumatatu nairudisha. Akaitelezesha kadi ndani ya soksi.

"Yupo," alisema, akachukua kitabu kinachofuata.

"Yupi? Sijaita," alisema Mapengo.

"Huyu hapa, bwana. Endelea, tutachelewa."

Saa sita walihesabu. Vitabu vya rafu ile vilikuwa themanini na vinne, kadi themanini na tatu. Mama Muhuri alipitia kimfuko kimoja kimoja, akakutana na kilichokuwa kitupu. Walitazama chini ya rafu, wakaukung'uta mkeka. Mama Muhuri alivua miwani.

"Trei ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu," alisema Mapengo.

"Mwezi uliopita nani aliacha kadi karibu na mtungi zikalowa?"

"Mimi. Lakini leo sikuiachia trei hata kidogo, Mama! Haki ya Mungu!"

"Sisemi umeiba, mwanangu. Nasema imedondoka mikononi mwako. Sheria ni ya wote. Isipoonekana, Jumamosi atasoma mwingine." Alivaa miwani tena bila kumtazama usoni, na ilionekana wazi kwamba jambo hilo halikumpendeza.

Mapengo alimgeukia Chiriku. "Si uliona nikizipanga? Mwambie."

Kwenye soksi, kadi ilikuwa inachoma kama kaa la moto. Chiriku, msichana ambaye mwalimu alimhamisha dawati mara tatu kwa maneno mengi, alisema, "Sikuangalia."

Mapengo hakulia. Alichukua karatasi ya hadithi yake, akaikunja mara nne, akaondoka.

Jioni Bibi alikuwa barazani, cherehani inalia tiki-tiki-tiki. Chiriku alizunguka zunguka. Kadi asingeweza tena kuitoa, maana Bibi angeuliza tu ilikotoka.

"Bibi, uliwahi kusoma kitabu kimoja mara kumi na moja?"

Cherehani ilinyamaza, sindano juu.

"Nani kakuambia?"

"Nauliza tu."

Bibi aliitazama sindano muda mrefu, kama mtu anayetazama barabara aliyoipita zamani. Akatabasamu kidogo, akatikisa kichwa. "Nipe huo uzi mweupe," alisema, na cherehani ikaanza tena.

Jumapili Chiriku hakula vizuri. Jumatatu aliifikisha kadi mpaka mlango wa maktaba, akaona watu wengi, akarudi nayo. Jumanne alimkuta Mapengo kwenye bomba la maji.

"Mwenzangu, umeninunia?"

"Sijakununia." Ndoo ilikuwa imejaa na kumwagika, lakini Mapengo hakufunga bomba. "Nimemwambia baba aiache ile ruhusa ya kazini. Kaniambia si kitu. Halafu usiku kaniuliza kama nilisema sitasoma kwa sababu naona aibu watu wamjue baba yangu ni mchukuzi. Kaniuliza hivyo, Chiriku. Baba yangu."

Chiriku alinyoosha mkono, akafunga bomba yeye.

Kesho yake Jumatano, baada ya shule, alikwenda maktaba bila kupita nyumbani. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa, na sauti ya Bibi ilisikika ikiwasomesha watu silabi. Chiriku alisimama mbele ya kaunta, akavua kiatu.

"Tunavua viatu hapa siku hizi?" aliuliza Mama Muhuri.

Chiriku alitoa kadi kwenye soksi, akaiweka mbele yake. Pembe moja ilikuwa imekunjika.

"Mapengo hakuidondosha. Niliichukua mimi. Niliona jina la Bibi, nikataka kumwonyesha. Nikadhani nitarudisha Jumatatu, halafu ukauliza, nikaogopa. Mapengo aliniambia niseme nilichoona, nikasema sikuangalia. Nilikuwa naangalia."

Mama Muhuri alichukua kadi, akainyoosha pembe kwa ukucha, akasoma majina kutoka juu hadi chini. Uso wake ukabadilika.

"Hii kadi," alisema taratibu. "Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini." Kisha akakohoa na kurudi kuwa Mama Muhuri. "Kuniambia mimi ni nusu. Nusu nyingine unajua iko kwa nani?"

"Kwa Mapengo. Na kwa baba yake."

"Baba yake yuko chumba cha nyuma. Nenda."

Hatua zile kumi na tano zilikuwa ndefu kuliko njia ya shule. Wanafunzi waliinua vichwa, Bibi naye. Chiriku alimwendea mchukuzi, mtu wa mabega mapana aliyekuwa ameishika penseli kama msumari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamweleza yote, hapo hapo, mbele ya Bibi na darasa zima. Mchukuzi alisikiliza mpaka mwisho. Alifuta macho kwa kiganja.

"Kwa hiyo hakuwa ananionea aibu?"

"Hapana, baba. Alikuwa anasema utamsomea sentensi yako."

"Ningekukasirikia," alisema mchukuzi, "lakini umenirudishia mtoto wangu. Twende nyumbani ukamwambie mwenyewe. Yeye atakukasirikia kwa niaba yangu."

Na Mapengo alikasirika kweli. Alimwita Chiriku majina ambayo hayamo katika kitabu chochote cha maktaba ile. Alhamisi nzima hawakusemezana. Ijumaa asubuhi alimgongea mlango.

"Jumamosi utakaa mbele kabisa," alisema. "Nikikosea, wewe ndiye utakayelaumiwa. Safari hii ni zamu yako."

Siku ya kusoma, Chiriku alipanga viti arobaini peke yake. Hakutumwa na mtu. Mapengo alisimama, karatasi yake ina mikunjo minne. "S" ya kwanza ilipiga mluzi, mtu mmoja nyuma akacheka. Chiriku aligeuka akamtazama mpaka kicheko kikakauka. Mapengo akaendelea, na kufikia ukurasa wa pili watu walikuwa wamesahau meno, wanataka tu kujua mbuzi katika hadithi alitokaje kisimani. Alipomaliza, mchukuzi alisimama. Alikuwa na kipande cha karatasi. "Bi-nti ya-ngu a-me-so-ma vi-zu-ri," alisoma, na ukumbi ulipiga makofi kwa nguvu hivi kwamba Mama Muhuri, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwaambia watu wanyamaze.

Watu walipotoka, Chiriku alibaki akirundika viti. Bibi alikaa kwenye kimoja ambacho hakijarundikwa. Mama Muhuri alileta ile kadi, akaiweka kwenye paja la Bibi, akaenda zake kufunga madirisha.

"Ulikuja kujikinga mvua," alisema kutoka dirishani. "Ulikuwa umelowa chapachapa."

"Na wewe ukaniuliza unipe kitabu gani, dada," alisema Bibi, akipitisha kidole juu ya majina. "Msichana mdogo, kola nyeupe. Ningekuambiaje? Nikanyoosha kidole kwenye picha ya mwanamke mwenye mkasi."

"Bibi," alisema Chiriku, "kwa nini ulikiazima mara kumi na moja?"

"Nilipenda kupita nacho mtaani, kwapani. Majirani wakaanza kuniita mwalimu. Basi kila baada ya wiki mbili nakirudisha, huyu ananiuliza kizuri? Namwambia kizuri mno, nipe tena. Jina langu ndiyo maandishi pekee niliyojua, nayo nilikuwa nayachora. Miezi mitano, mjukuu wangu. Miezi mitano nikikaa na uongo huo, nikiogopa siku nitakayoulizwa neno moja la ndani. Siku ya mara ya kumi, nilipokirudisha, nikachoka. Nikamwambia, dada, sijui kusoma. Kusema kule kulichukua muda wa kuvuta pumzi moja. Huyu akaleta viti viwili chumba cha nyuma, ikawa Jumatano ya kwanza. Mwaka uliofuata nikakiazima tena, mara ya kumi na moja, ndipo nikakisoma."

Chiriku aliichukua kadi. Mstari wa kumi ulikuwa umechorwa. Wa kumi na moja ulikuwa unakimbia, na tarehe yake, aliona sasa, haikuwa ya wiki mbili baadaye. Ilikuwa ya mwaka mzima mbele.

"Wewe siku nne, mimi miezi mitano," alisema Bibi. "Ukikosea tena, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mzigo wa kuficha unaongezeka kila ukiamka nao. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Dirisha la mwisho lilifungwa. Chiriku aliketi karibu na Bibi, kadi mkononi.

"Bibi, yule aliyemchukua mgeni nyumbani mara kumi asisikie neno lake. Leo nikikupa mji, utashiba?"

"Leo sitaki mji," alisema Bibi. "Ni mimi."