Uzi wa Kumfumia Mtoto

Asubuhi za Nyansurura ni baridi. Wegesa aliamka, akachochea kuni, akamlaza mwanawe karibu na mafiga. Mtoto alikuwa na wiki mbili. Alizaliwa kabla ya wakati, akawa mdogo sana. Mwaka uliopita Wegesa alizika mtoto mwingine aliyekufa kwa kichomi. Huyu hakutaka kumpoteza.

Mchana alikwenda darasa la kufuma la akina mama wa kijiji chetu cha ujamaa. Sindano zilikuwa adimu, tukafumia spoku za baiskeli. Heche, mumewe Wegesa, alimletea uzi kutoka Mugumu. Uling'aa. Sote tuliuonea wivu, maana sisi na vitu vya kung'aa, basi tena.

Bibi maendeleo wetu, Theodosia, aliyetufundisha kufuma, alilishika sweta la mtoto ambalo Wegesa alikaribia kulimaliza.

"Mama, mtoto analala wapi?"

"Karibu na moto. Kwetu mtoto mchanga hatengwi na moto."

Theodosia alikata kipande cha uzi, akakiwasha kwa kibiriti. Kiliyeyuka, kikadondoka, kikawa kigumu.

"Huu ni nailoni. Cheche ikiruka, utayeyuka na kushika ngozi yake."

Wegesa alilifumua sweta lote. Kisha akauliza, "Na pamba je?"

"Pamba inafaa wakati wa jua. Lakini huwaka upesi, na ikilowa mkojo inampoza mtoto. Tafuta sufu, yaani manyoya ya kondoo. Sufu hata ikilowa kidogo, joto hubaki."

Duka la kijiji halikuwa na sufu. Mugumu pia Heche aliikosa. Wegesa alilia.

Kesho yake Theodosia alifika nyumbani kwao. Mama mkwe wa Wegesa, Mokami, alikuwa amefungua sanduku lake. Ndani mlikuwa na sweta la marehemu mumewe, alilorudi nalo kutoka vitani. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pima hili."

Theodosia aliwasha uzi mmoja. Ulinuka kama nywele zilizoungua, ukazimika wenyewe. Majivu yake yalisagika vidoleni.

"Ndiyo sufu yenyewe, mama."

Mokami alimpa Wegesa sweta. "Fumueni," alisema.

"Mkilifua, msilichemshe, litanywea," Theodosia alieleza. "Tumieni maji baridi. Likamueni polepole, mlianike kivulini. Na moto uwe mbali na mtoto."

Wegesa alimfumia mtoto sweta kwa uzi ule. Masika yalipita. Mtoto hakupata kichomi. Sasa anakaa mwenyewe.

Mokami humpakata, akilipapasa lile sweta. "Mume wangu," humwita. Bibi zetu wote huwatania wajukuu hivyo, nasi hucheka. Mokami akisema, hatucheki.