Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Toyota Cressida nyeupe ilipita taa nyekundu ya robot katika West Street, Durban, kana kwamba taa ile iliwekwa kwa ajili ya watu wengine.

Dominiki aliipita pia. Tofauti ni kwamba yeye aliinua mkono kumwomba radhi mama aliyekuwa akivuka na mtoto mgongoni.

Pikipiki yake, Honda kuukuu yenye injini mpya, ilinguruma kuelekea kusini. Cressida haikumshtukia. Mtu aliyekaa kiti cha nyuma hakuwa na tabia ya kutazama nyuma. Alikuwa na tabia ya kujitazama kwenye kioo.

Huyo ndiye Anselmo.

Alijiita Injinia. Injinia wa nini, hakuna aliyejua.

Gari lilisimama Isipingo, mbele ya duka lililokuwa karibu na stendi ya taxi. Dominiki alizima pikipiki upande wa pili. Nokia yake ikalia.

"Umekula?"

Ilikuwa sauti ya mkuu wake kutoka Dar es Salaam. Idara nzima ya upelelezi ilimwita Shangazi, na hakuwahi kumtuma mtu kwenye hatari bila kuuliza swali hilo.

"Bado, Shangazi."

"Basi utakula jioni. Bibi harusi anachukuliwa leo alasiri. Meli inaondoka kabla ya giza."

"Bwana harusi ninaye hapa machoni."

"Shahidi wangu ni huyo mmoja, mwanangu. Mwingine sina."

Simu ikakatika.

Bibi harusi alikuwa Epiphanie, nesi wa Kikongo aliyejificha katika fleti huko Berea. Alikuwa ameona masanduku ya silaha yakishushwa Kalemie kwa jina la dawa za watoto. Alikuwa ameona pia uso wa aliyeyapokea. Akifika mahakamani Dar, Anselmo amekwisha. Akifika melini, yeye ndiye amekwisha.

Dominiki alibonyeza kinasa sauti cha Sony mfukoni mwa shati, akaingia dukani.

Aliyempokea alikuwa Papy, dereva, kijana mpole mwenye mabega yaliyochoka. Alimvutia mgeni stuli, akaifuta vumbi kwa kiwiko chake. Anselmo alicheka. Alimuuliza Papy kama sasa amekuwa mjakazi wa kila anayeingia. Papy akaenda kuchemsha chai.

Dominiki alisema anaitwa Goodluck, mfanyabiashara wa Mbeya, na kwamba amesikia habari za bunduki.

Anselmo alitandaza mali yake mezani. Zilikuwa bunduki za mchezo za umeme kutoka Japani. Ndani yake mna betri, mota, gia, na risasi za plastiki ndogo kama punje za mtama. Lakini kwa nje ni MP5 tupu, bunduki ya kweli ya askari. Mtu akielekezewa moja hasimami kuuliza inarusha nini.

Moja ilifungwa utepe wa dhahabu kwenye mtutu na ilikuwa na mkanda mnene wa ngozi. Hiyo ilikuwa ya Injinia mwenyewe. Alijivika mkanda begani na shingoni, akalenga balbu ya darini.

Trrrrr.

Vioo vikamwagika. Anselmo akavuta pumzi kama mwimbaji aliyemaliza wimbo.

"Mi kila kazi naanza na taa. Watu wakisikia ile mlio, banalala chini."

Alipoivua na kuiweka mezani, Dominiki alifungua kifuniko chake cha mbele, mahali betri inapokaa, chini kabisa ya kiganja cha kushoto. Akaona waya. Akaona kikasha cha fyuzi. Ndani yake hapakuwa na fyuzi. Palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri na kusokomezwa.

Ujanja huo aliufahamu. Ni nyumba gani isiyowahi kuitendea redio yake hivyo, fyuzi ilipoungua na duka limefungwa? Lakini redio huwekwa kabatini. Haivaliwi shingoni.

"Fyuzi iko wapi, Injinia?"

"Fusible? Ile inakula nguvu. Kila siku inaungua, kila siku ununue ingine. Nilitoa yote." Alipiga meza kwa kiganja. "Zote hapa ni hivi. Fusible ni ya bibi kizee anayeogopa pasi."

"Mota ikikwama, waya zitashika moto."

"Yangu haikwami, mon cher."

Dominiki alimtazama. Alikuwa ametimiza wajibu wake. Hata nyoka mtu humpigia kelele kwanza.

Anselmo aligeuka kumfokea Papy kuhusu chai iliyochelewa. Alifoka kwa raha, kwa kirefu, kwa Kiswahili na Kifaransa. Muda huo ulitosha. Dominiki alichukua bisibisi ndogo ya kwenye ufunguo wake na kuigusa skrubu iliyo chini ya mpini wa bunduki yenye utepe. Skrubu hiyo huisogeza mota karibu na gia. Akaikaza mpaka mwisho. Meno yakabana meno.

Fyuzi ingekuwepo, ingeungua, na bunduki ingenyamaza tu. Mtu angetukana, basi.

Alikunywa chai ya Papy, akamshukuru kwa jina, akaondoka.

Berea, ghorofa ya pili. Epiphanie alifungua mlango akiwa na kisu cha vitunguu mkononi. Dominiki alimweleza yote. Akamwomba wahame mara hiyo.

"Nimehama Kalemie, nimehama Lusaka, nimehama kule mjini chini," alisema. "Mi niko nachoka, ndugu yangu. Bakuje banikute napika."

Kisha akaona kifungo cha koti la Dominiki kinaning'inia. Akaomba koti, akachukua uzi.

Dominiki hakuwa na bastola. Ndivyo alivyokubaliana na Inspekta Nomusa Cele wa polisi wa Durban: mji ni wake, silaha ni zake. Inspekta alikuwa amesema wazi kwamba hawezi kumkamata mtu kwa kumiliki vitu vya mchezo. Lazima avunje mlango kwanza.

Motorola, redio aliyopewa na Inspekta, ikakoroma.

"Eish, Dominiki. Wametangulia. Sisi bado tuko kwenye kona."

"Wako wangapi?"

"Wanaume watatu wamepanda. Dereva yuko kwenye gari."

Epiphanie alikata uzi kwa meno, akamrudishia koti. Kifungo kilikuwa imara.

"Kaa nyuma ya jiko," Dominiki alimwambia.

Mlango ukapigwa teke.

Anselmo aliingia wa kwanza, amevaa fulana yenye neno POLICE mgongoni na kifuani, kubwa kuliko lililowahi kuvaliwa na polisi yeyote. Nyuma yake walisimama wawili wenye MP5 zao za plastiki. Mfukoni mwake ilichungulia sindano ya dawa ya usingizi.

Alimwona Dominiki.

"Goodluck wa Mbeya," alisema, na kutabasamu. "Lala chini."

Akalenga taa.

Tk.

Akavuta tena, na safari hii akashikilia. Mtu mwenye akili angeachia. Injinia alikaza kidole zaidi, kana kwamba mota ni Papy na itatii ikifokewa.

Moshi ulitoka kwanza kwenye mpini, mweusi, wenye harufu ya plastiki. Akaachia kidole. Haikusaidia, swichi ilikuwa imeyeyuka na kushikana. Umeme wote wa betri uliendelea kupita kwenye karatasi ya sigara. Kifuniko cha mbele kikavimba chini ya kiganja chake.

Akalia. Akataka kuitupa, na mkanda mnene wa ngozi ukamzuia. Akazunguka sebuleni akipigana na shingo yake mwenyewe.

Wale wawili walitazama moto. Kisha wakatazama bunduki zao.

Zote hapa ni hivi.

Walizitupa kama watu waliogundua wamebeba mizinga ya nyuki, wakakimbilia ngazini. Chini, viatu vya polisi vilikuwa vinapanda.

Dominiki alitoa kisu, akakata mkanda, akaipiga teke bunduki mpaka barazani. Akachomoa sindano kutoka mfuko wa Anselmo kwa vidole viwili, kama anayeokota taka.

Epiphanie alitoka jikoni na beseni la maji. Akaushika ule mkono ulioungua, mkono uliokuja kumchukua, akauzamisha majini taratibu.

"Usitoe," alimwambia. "Maji baridi, muda mrefu."

Anselmo alilia machozi ya kweli, akimwita mama yake. Inspekta Nomusa aliingia, akatazama fulana, akatazama beseni, akatikisa kichwa. Dominiki alimkabidhi kaseti ya Sony. Akamwomba pia asikilize maelezo ya dereva kwa upole. Kijana yule, alisema, atasema ukweli akipewa mahali pa kukaa.

Kisha akachutama mbele ya Injinia. Akatoa mfukoni fyuzi moja ya kioo, ndogo kama punje ya mchele mrefu, akaiweka katika kiganja chake kizima.

"Ya bibi kizee," alisema.

Epiphanie alikuwa amemfungia chakula kwenye bakuli la plastiki. Dominiki alilipokea kwa mikono miwili, akashuka ngazi akifunga kifungo cha koti. Nokia ikalia alipofika barabarani.

"Umekula?"

"Sasa hivi, Shangazi."

Akakaa juu ya pikipiki, akafunua bakuli.