Alama za Kijiti

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana mmoja alipanda ngazi ya tangi la mtaa, akatumbukiza ufito wenye alama, kisha akaandika kina cha maji ubaoni. Kwa sababu ya ufito huo watu walimwita Kijiti, naye alijivunia. Mvua zilikuwa zimechelewa, na kamati ya maji ilisoma ubao wake ndipo ikaamua kila nyumba ichote ndoo ngapi.

Maji yalipungua alama moja kila siku, bila kukosa. "Basi kuna haja gani ya kupanda?" alijiuliza. Siku tatu mfululizo alijilalia, akapita ubaoni mbio, akapunguza moja na kwenda zake. Raha mustarehe!

Siku ya nne ilikuwa ya mkutano, akaona heri apime kweli. Ubao ulisema ishirini. Ufito ulitoka umelowa hadi kumi na moja! Akaurudisha, yaleyale. Akashuka ngazi mbio.

Alipofika mkutanoni, shangazi yake, mwenyekiti wa kamati, alikuwa akitangaza, "Jamani, maji yapo. Kuanzia leo, ndoo tatu kila nyumba badala ya mbili!" Watu wakapiga makofi na vigelegele. Angenyamaza, nani angejua? Lakini wiki ijayo watakunywa nini?

"Shangazi, ngoja! Nimewadanganya. Siku tatu sikupima, nilibuni tu. Zimebaki alama kumi na moja."

Fundi bomba akaruka kitini. "Kumi na moja? Maji yaliyopotea hayakunywewa, yanavuja!"

Wakamfuata mbiombio. Nyuma ya tangi, penye bomba lililopasuka, bata sita walikuwa wakioga dimbwini bila wasiwasi.

"Kumbe!" akasema mwenye bata. "Ndiyo maana siku hizi wanarudi wasafi kuliko watoto wangu!"

Watu wakacheka hadi machozi, na fundi akaliziba bomba. Kijiti peke yake hakucheka.

"Mwanangu," shangazi akamwambia, "sisi tunagawa maji kwa kutazama ubao wako. Ukiandika uongo, tunagawa maji ambayo hayapo. Umekosa, lakini umesema mapema, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ndoo zibaki mbili. Haya jamani, kesho nani atapima?"

"Kijiti!" wakaitikia wote, na mwenye bata akapaza sauti kuliko wengine. Hapo naye akacheka, huku akifuta machozi.