Kifurushi cha Uyoga Mkavu

Mvua za Septemba zilipoanza, Alliance na mama yake walipanda kilima kila Jumamosi asubuhi, umande ukiwa bado majanini, kutafuta uyoga katika msitu wa misonobari juu ya Bwera. Mama yake, Martine, alikuwa mtu wa Beni, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Vita vilipowafukuza huko hakubeba mali, ila kazi aliyofundishwa na mama yake aliijua vizuri. Alliance, msichana wa miaka kumi na mitatu, alibeba kikapu. Mama alibeba kisu.

"Geuza huo," Martine alimwambia. "Chini ya kofia unaona nini?"

"Matundu madogo madogo, kama sifongo. Hauna kurasa kama uyoga wa kwenye kichuguu."

"Basi huo ni wa ukoo wa sifongo. Lakini usiusifu kwa sababu ya ukoo. Ndugu wa tumbo moja, mmoja mkulima, mwingine mwizi."

Akaukata. Nyama yake ilikuwa nyeupe na ikabaki nyeupe. Huo ukaingia kikapuni. Hatua chache mbele palikuwa na mwingine mnene, sifongo yake nyekundu. Kisu kilipopita, nyama iligeuka buluu kama wino wa kalamu.

"Huu tunauacha hapahapa," mama alisema.

"Mbona konokono wameula?"

"Tumbo la konokono si tumbo la mtu. Wala usidhani buluu peke yake ndiyo hukumu. Uko unaogeuka buluu na watu wanaula. Mimi nikiona uyoga ambao bibi yako hakunionyesha, siuiti chakula. Ndiyo sheria yangu."

Uyoga wao waliuuza katika soko la Bwera, na wateja wao wakubwa walikuwa wake wa askari kutoka kambi ya jeshi iliyokuwa karibu. Basi wiki moja wateja hao hawakuja. Jumatatu darasani Alliance akajua sababu. Amoding, binti wa sajini mmoja, alikuwa ameugua tumbo, naye alimweleza kila mtu kwamba alilishwa uyoga wa sumu wa mama Mkongo. Watoto wakaanza kumwita Alliance "Sumu". Alipokaa, waliokuwa karibu naye walisogea.

Jioni ile alimkuta mama yake akimwaga kikapu kizima cha uyoga uliooza nyuma ya nyumba. Martine alipangusa mikono kwenye kitenge, akaingia ndani. Alliance akabaki akilitazama lile rundo la uyoga, na moyo wake ukawa kaa la moto.

"Amesema sumu," alijiambia. "Ataijua sumu."

Tangu hapo hakuwaza kingine. Alirudi peke yake msituni, akachuma uyoga wa sifongo nyekundu, akaukatakata vipande vyembamba na kuuanika juu ya jiwe mbali na nyumbani. Alitazama nyama ikigeuka buluu, na kila kipande kilimpa raha. Jua lilipoukausha, wekundu ulififia na buluu ikaisha. Uyoga mbaya ulibaki na rangi ya udongo, sawasawa na ule mzuri. Hata mama yake asingeutambua. Akilini Alliance alimwona Amoding akijikunja kwa maumivu, akiomba radhi mbele ya darasa zima. Alilala na picha hiyo, akaamka nayo.

Ijumaa alimpa Amoding kifurushi. "Mpelekee mama yako. Ni uyoga wa kule juu."

Amoding alikipokea bila kumtazama usoni. "Mama ana hamu sana ya uyoga," alisema polepole. "Asante." Alitaka kuongeza neno, akalimeza. Alliance aliona, wala hakujali.

Jumamosi adhuhuri Alliance alikuwa bombani akichota maji, mama Amoding akafika na mtoto mgongoni.

"Alliance, mwambie mama yako asante," yule mama alisema. "Watu waseme watakavyo, mimi nilikuwa nimeukosa uyoga wenu. Nimeutia karanga, Amoding anaangalia chungu. Hata huyu leo atapata mchuzi." Akampapasa mtoto mguu, akatwika ndoo yake, akaenda.

Alliance alimtazama mtoto mgongoni akienda. Katika mipango yake yote chungu kilikuwa na mlaji mmoja tu. Hakuwa amemweka mtoto yule penye sahani. Alitaka kuita, lakini angeita aseme nini? Maji yalijaza dumu, yakamwagika, yakamlowesha miguu. Ndipo alipoacha dumu na kukimbia.

Alimpita mama Amoding njiani, akafika lango la kambi akihema. Askari wa zamu, Oryem, alimzuia kwa mkono, akamsemesha kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Simama. Wewe nakimbia enda wapi?"

"Afande, nyumbani kwa sajini, kwa kina Amoding. Chakula kina sumu."

"Nani natia sumu?"

Hakuwahi kutamka neno zito kama lile. "Mimi, afande."

Oryem akamwachia njia. Walikimbia pamoja. Walimkuta Amoding amechuchumaa kando ya jiko, mwiko mkononi, akionja mchuzi kwa mara ya tatu. Alliance alikipiga chungu teke, mchuzi ukamwagika majivuni. Mama Amoding alipofika mlangoni alikuta mtoto wa watu analia na chakula kiko chini.

"Ule uyoga ulikuwa mbaya," Alliance alisema. "Nilijua."

Yule mama aliinua mkono kumpiga, kisha akaushusha, kwa kuwa Amoding alikuwa ameanza kushika tumbo.

Walimpeleka zahanati. Martine alipopata habari alikuja mbio. Alikuwa amepita jikoni kwa sajini na kuokota vipande vilivyobaki, ili mganga ajue mgonjwa amekula nini. Mchana wote Amoding alitapika. Alliance alikaa benchi la mbele yake na kuyaona yote aliyoyaota wiki nzima. Hakuona utamu wowote. Alitamani tu yaishe.

Jioni tumbo lilitulia. Amoding, midomo mikavu, alimwita mama yake. "Siku ile haikuwa uyoga," alisema. "Nilikula mapera mabichi ya shamba la watu, na maji ya mto. Niliogopa baba."

Mama Amoding alimfunika binti yake shuka. Kisha akamgeukia Martine. "Mama Alliance, wanawake wa kambini nitawaambia mwenyewe. Nitasema la binti yangu, na la binti yako pia."

"Sema yote mawili," Martine alijibu. "Usimfichie wangu."

Siku ya soko iliyofuata, wateja walikuja wachache. Kila mmoja aliutaka uyoga mbichi, akaugeuza na kuukagua chini ya kofia, na Alliance ndiye aliyepewa kazi ya kuwaeleza, mmoja baada ya mwingine, huku wengine wakimtazama kwa jicho baya. Alivumilia. Mama Amoding alinunua fungu la kwanza, mbele ya watu.

Walipobaki wawili, Alliance aliuliza, "Mama, mbona hukunichapa?"

Martine alipanga uyoga uliobaki kabla ya kujibu. "Amoding alisema uongo kwamba uyoga wetu una sumu. Uongo ule ungekufa wenyewe, kwa sababu kila aliyekula alikuwa mzima. Wewe ulichukua uongo wake, mwanangu, ukaufanya kweli kwa mikono yako. Aliyekuonea alikuwa na kosa moja. Kisasi kilikufanya umsaidie. Fimbo itakufunza nini zaidi ya hayo uliyoyaona?"

Alliance aliinamisha kichwa. Mteja mwingine alikuwa anakuja. Alliance akachukua uyoga mmoja, akaugeuza juu chini, akaanza kueleza.