Kimya cha Saa Nane Mchana

Mtoto alikuwa na umri wa siku tisa alipoanza kulia bila sauti.

Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake iliyokaa dirishani, alikuwa amemlaza kitandani huku akikunja nepi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane mchana. Akamwona mtoto anakunja uso, anafungua kinywa mpaka ufizi wote unaonekana, mikono inatetemeka kama ya mtoto yeyote anayelia kwa hasira. Ila sauti haikutoka. Fundi alidhani masikio yake ndiyo yameziba. Akagonga meza, akaisikia vizuri. Halafu chumba kikaanza kunuka ile dawa kali ya kupigia deki wodini, na nyumbani kwao hawakuwa na dawa ya namna hiyo.

"Katulia huyo," alisema mama mkwe kutoka jikoni. "Kamrithi mama yake."

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, tatizo lake lilikuwa mdomo. Tangu watoke hospitali, kila mgeni aliyekuja kumwona mtoto alisimuliwa jinsi mkwe wake alivyojifungua bila kutoa hata mguno, mpaka nesi akamsifu mbele za watu. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Fundi aliinamisha chake, akatamani ardhi ipasuke immeze, maana yeye alijua ukimya ule ulitoka wapi.

Siku ile alifika wodi ya wazazi asubuhi, akapewa kitanda cha tano. Nesi wa zamu alikuwa mama mmoja ambaye wagonjwa walimwita Kidole, kwa kuwa hakuongea na mtu bila kumnyooshea. Uchungu ulipokolea, Fundi alipiga kelele, tumbo likamshinda, akachafua kitanda. Kidole alisimama katikati ya wodi.

"Mtu mzima unajinyea? Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulipiga kelele hivi? Teremka. Chukua kitambaa, ufute."

Fundi aliteremka na tumbo lake, akapiga magoti, akafuta. Wanawake wengine waligeukia ukutani, kwa huruma au kwa woga, nani ajuaye.

"Na sheria yangu mnaijua," Kidole akamalizia. "Anayepiga kelele nambakisha wa mwisho."

Saa nane manesi walibadilishana zamu. Waliingia chumbani kwao wakafunga mlango, na vikombe vya chai vikaanza kugongana. Ndipo mwanamke wa kitanda cha sita, mwalimu wa chekechea aliyempa Fundi nusu ya maji yake asubuhi ile, aligeuza kichwa.

"Dada, niitie nesi," alinong'ona. "Mimi sauti imeniishia. Damu inatoka, haikati."

Ilikuwa kazi ya kupaza sauti mara moja tu. Fundi alifungua kinywa, akakikumbuka kile kitambaa, akakifunga. Kisha akafumba macho na kuanza kupumua polepole, kama mtu aliyelala.

"Dada," mwalimu aliita. "Dada yangu."

Matone yaliangukia sakafu, yakafuatana, na Fundi akayasikiliza moja moja huku macho kayafumba. Mlango ulipofunguliwa, mwalimu alikuwa ameshakufa na mwanawe tumboni. Jioni Fundi alijifungua akiwa ameuma shuka, na nesi wa zamu mpya akampigapiga bega. "Wote wangekuwa kama wewe," alimwambia, "tungefanya kazi kwa raha." Hakuna aliyemuuliza lolote juu ya kitanda cha sita, naye hakumwambia mtu, hata mumewe.

Basi siku ya kumi ya mtoto, saa nane, ikawa yaleyale. Siku ya kumi na moja Fundi alikuwa amempakata mtoto, mlango uko wazi, jua limejaa uani, mama mkwe anaosha vyombo hatua chache tu kutoka pale, na mtoto akafungua kile kinywa chake, na ile harufu ya deki ikapanda mpaka ikamwasha puani, na chini ya kiti kikaanza kudondoka kitu, tone, halafu tone, ingawa kila alipotazama sakafu ilikuwa kavu, na kutoka kwenye koo la mtoto wa siku kumi na moja, bila ulimi kusogea, bila midomo kukutana, ikatoka sauti ya mwanamke mzima, ya chini, ya adabu, iliyochoka: "Dada, niitie nesi."

Fundi hakupiga kelele. Alimfunika mtoto uso kwa nepi ili mama mkwe asisikie, kisha akaona aibu kwa hilo pia.

Tangu siku hiyo, ikifika saa nane mtoto aligoma kunyonya mpaka giza liingie. Kliniki walimpima, uzito ulikuwa umeshuka. Walipomrudisha ulikuwa umeshuka tena, na daktari, ambaye hakuona ugonjwa wowote, alimwambia baba yake waziwazi kwamba mtoto akiendelea hivi hatafikisha mwezi. Mume, mchomelea mageti asiyeamini mambo ya majini hata kidogo, alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa mganga. Mganga mwenyewe alikuwa mtu wa makamo ambaye kutwa huziba pancha za baiskeli, na alikuja na grisi kwenye kucha.

Alifukiza ubani, akamwekea mtoto kiganja kifuani, akasikiliza kama anavyosikiliza mpira unaovuja.

"Humu nasikia sauti ya marehemu, lakini si yeye," alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu amepumzika. Hili ni jini la wodini, limeazima sauti yake tu. Linaishi kwa jambo ambalo mtu anaona haya kulisema. Likisemwa lote linakosa chakula, linaondoka." Akamgeukia Fundi. "Mama, nani alikuita ukanyamaza?"

Mume alimtazama. Mama mkwe alimtazama, bado ana ule uso wa majivuno. Fundi alikuwa nalo neno ulimini, na mtoto mapajani mwake, mwepesi kuliko siku aliyozaliwa.

"Alikuwepo mwanamke, kitanda cha jirani," alisema. "Aliniomba nimwitie nesi. Lakini... nilikuwa nimesinzia. Nilisikia kwa mbali, kama ndotoni. Nilipoamka alikuwa ameshakufa."

"Maskini mwanangu!" mama mkwe alimkumbatia. "Ungejua saa ngapi na uchungu wote ule? Huna kosa."

"Ndilo lote?" mganga aliuliza.

"Ndilo lote."

Mganga alimwangalia kidogo, kisha akasoma alivyosoma, akanyunyiza maji pembe nne za chumba. Saa nane ikafika. Mtoto akakunja uso, akafungua kinywa, akalia! Alilia kwa sauti ya kuudhi majirani, na mama mkwe akapiga vigelegele, na mume, mwanamume wa moto na chuma, akajifuta macho kwa kola ya shati.

"Kama umesema kweli, halirudi," mganga alimwambia Fundi mlangoni. Akaenda zake.

Mume alirudi kazini, mama mkwe akaingia jikoni kupika uji. Fundi akabaki peke yake na mwanawe. Akampa titi, na mtoto akanyonya kwa pupa, akimeza kwa kelele, mpaka Fundi akacheka. Mganga angejuaje? Watu wangapi wanadanganya kidogo na maisha yanaendelea?

Mtoto aliachia titi. Akafungua macho, akamtazama kwa utulivu, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekojoa darasani.

"Ulikuwa macho, dada," alisema kwa upole. "Nilikuona unafumba."

"Unaongea na nani?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni.

Ilikuwa kazi ya kupaza sauti mara moja tu.

"Si na mtu, mama," alijibu Fundi, na mtoto akageuza uso ukutani, asilitake titi tena.