Machozi Mekundu ya Badria

"Zuia pumzi, dada," alisema Dk. Gaudens.

Badria akazuia. Kifua kikatulia, mabega yakatulia. Lakini masikioni mwa daktari pumzi iliendelea. Iliingia, ikakaa, ikatoka, taratibu, kama ya mtu aliyelala usingizi wa mchana.

"Umezuia kweli?"

Badria alitikisa kichwa kukubali, mashavu yamemjaa hewa, kisha akaiachia kwa kishindo. "Dokta, ukinizuia hivyo utaniua wewe kabla ya homa."

Mumewe Abdulmajid alicheka kidogo. Alikuwa muuza vitenge wa jumla Kariakoo, na miezi mitatu sasa hakuwa amecheka. Kila siku baada ya sala ya Adhuhuri mkewe alipandwa na homa. Alikuwa amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni. Walishapita hospitali nne. Malaria haikuonekana, makohozi hayakuonyesha kitu. Mtu akawaelekeza kwa Dk. Gaudens, bingwa wa magonjwa ya ndani, mwenye kliniki ndogo Mchafukoge, ambaye alisifiwa kwa kutokata tamaa na mgonjwa.

Daktari alibadilisha kifaa cha kusikilizia. Pumzi ilikuwepo vilevile. Alimwita muuguzi wake, Theopista, naye akasikiliza, akarudi nyuma, akafanya ishara ya msalaba.

"Daktari, hii si ya kwake," alinong'ona.

"Nyamaza, Theopista. Mgonjwa anasikia."

"Na huyo mwingine je, hasikii?"

Daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Alikuwa na desturi yake: ugonjwa ukimshinda kuuelewa, alishika kile kinachotibika. Picha ilionyesha maji upande wa kulia wa kifua. Alichoma sindano kati ya mbavu, akavuta maji ya manjano, na chumba kizima kikanukia marashi ya waridi. Theopista alifungua dirisha bila kuambiwa. Majibu ya maabara yalisema maji yale yana dalili za kifua kikuu.

"Ni TB," daktari aliwaambia. "Inatibika. Miezi sita, kila siku, bila kukosa. Abdulmajid, wewe ndiye msimamizi wake wa dawa. Na msiogope, mkojo utakuwa mwekundu kama juisi ya rozela. Ni dawa tu."

Bi Nasma, mama mzazi wa Badria, alikuwa amekaa pembeni. "Baba," alisema polepole, "mama yangu alikuwa kiti cha jini, akimkalia mwilini. Alipofariki, hakuna aliyekubali kumrithi jini huyo. Mimi najua kilicho ndani ya mwanangu."

"Shikamoo, mama. Sikukusalimia."

"Marahaba."

"Mimi sibishani na wewe. Ila dawa anywe."

Akainywa. Wiki ya kwanza mkojo ulikuwa mwekundu, na hakuna aliyeshtuka. Wiki ya pili homa ilichelewa, kisha haikuja. Theopista alisikiliza tena kifua, akasema ile pumzi imekuwa ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha tatu. Badria aliomba pilau. Alimtania mumewe kwamba pilau isipotosha atamla yeye.

Ijumaa ya wiki ya tatu alisali amesimama. Tangu aumwe alikuwa akisali kitandani. Alipoinuka kutoka kwenye sijida, moyo ulimjaa shukrani, akalia, akajifuta kwa shela yake nyeupe. Bi Nasma aliiona shela. Ilikuwa na madoa mekundu.

"Machozi ya damu," alisema.

Katika ukoo wao hilo lilijulikana. Jini akiumizwa hulia damu kwa macho ya kiti chake, na asipoombwa radhi humvunja yule aliyemkalia. Radhi ilikuwa moja: kuacha kila kinachomuumiza, kufunga madirisha, kufukiza ubani siku saba, mgeni asiingie.

"Mama, dawa zinamsaidia," alisema Abdulmajid.

"Nimemzika mama yangu kwa ubishi kama huo. Usinizikishe na mwanangu."

Abdulmajid akazifungia dawa kabatini. Daktari alipopiga simu kuuliza, alimjibu, "Anakunywa, dokta. Hana shida." Siku iliyofuata alijibu hivyo hivyo.

Siku ya saba ya ubani Dk. Gaudens alipanda mwenyewe ngazi za ghorofa nne hadi nyumbani kwao, mchana, huku wachuuzi wakinadi chini na jua likiwaka, na kwenye kila ghorofa harufu ya ubani ilizidi kuwa nzito na ndani yake akaitambua ile ya waridi, mpaka alipofika mlangoni akawa anapumulia kiganja chake, na mlango ulipofunguliwa akamwona Badria ameketi wima kwenye moshi, ngozi na mifupa, macho ameyafumba, akimtabasamia kana kwamba amemwona tangu ngazi ya kwanza.

"Karibu, mganga wa vidonge," ilisema sauti isiyokuwa yake, nzito, ya mtu mzima aliyeshiba. "Umechelewa. Nilikuwa nimeshachoka, nilikuwa natoka. Mshukuru mama huyu. Yeye ndiye aliyeniambia nibaki."

"Tumekuomba radhi!" alisema Bi Nasma. "Ulikuwa unalia damu!"

"Mimi sijalia. Aliyelia ni mwanao."

Daktari aliomba shela. Aliiangalia kwenye mwanga. "Dawa," alisema. "Inageuza rangi ya machozi pia."

Alimfunga mkono kwa mpira, akatafuta mshipa. Mishipa ilishazama, dripu haikuingia. Badria alifariki alasiri, akiwa na kichwa mapajani mwa mama yake. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Wanawake walikuja kumwosha. Abdulmajid na daktari walikaa kwenye ngazi, bega kwa bega.

"Ungetuambia machozi, dokta."

"Nilisahau. Niliwaambia mkojo, nikasahau machozi."

"Na mimi nilikudanganya kwenye simu."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Baadaye daktari, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kutoa, alisema lile ambalo daktari hulisema kila TB inapoingia nyumbani. "Keshokutwa, mkishazika, mje kliniki. Wote mliokaa naye humu ndani. Lazima nisikilize vifua vyenu."

Abdulmajid aliinua uso kujibu. Hakuwahi. Wale waoshaji walikuwa wametoka wote, wamesimama kwenye korido na ndoo zao, kanga mdomoni, na Bi Nasma katikati yao ameshikiliwa mikono. Chumbani alibaki marehemu peke yake.

"Tutakuja," sauti ilijibu kutoka ndani.