Rimoti Isiyo na Lami

Watu waliouzunguka mwili walikuwa wameshamzika fundi paa kwa midomo yao, naye fundi akafumbua macho akaomba maji. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa la ghala. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda vibaya. Kando yake ililala droni ndogo, mapanga yake yamevunjika, namba ya usajili imebandikwa ubavuni kama sheria inavyotaka.

Inspekta alimpigia simu karani wa usajili. Jibu halikuchelewa: droni ni ya fundi mwenyewe, na leseni ya kurusha anayo.

"Basi kesi imekwisha, afande," konstebo alisema. "Kajiangusha mwenyewe."

Inspekta hakupenda kesi zinazojimaliza. Alipekua mpaka akaipata rimoti, ndani ya mkoba wa vifaa, chini ya ngazi.

Hospitalini fundi alikuwa na jibu moja.

"Niliirusha mimi."

"Ukiwa juu ya paa?"

"Nilitaka kuona upande wa pili. Ikanirudia."

"Na rimoti ikashuka ngazi peke yake, ikajitia mkobani?"

Fundi aliingiza mikono chini ya shuka.

"Nionyeshe viganja."

Fundi alisita, kisha akavitoa, akavifungua. Lami ya kuzibia paa ilikuwa imegandia mpaka kwenye kucha. Muuguzi alikuwa ameisugua akachoka.

"Rimoti yako haina hata doa," Inspekta alisema, kisha akaipunguza sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Daktari anasema usipopasuliwa mguu huo, ngazi hutaipanda tena. Bima ya kazini inalipia ajali ya kazini. Ukisema ulikuwa unachezea droni, watakunawia mikono. Unamlinda nani?"

Fundi akageukia ukuta. "Niliirusha mimi."

Garini, Inspekta aliiwasha rimoti. Maandishi yalikuwa yamekuzwa mpaka maneno mawili yanajaza kioo. Fundi alikuwa kijana mwenye macho makali, wa kuona msumari kwenye nyasi; hakuhitaji maandishi makubwa hivyo. Akampigia tena karani.

"Kwenye anwani hiyohiyo kuna mwingine aliyeomba leseni?"

"Yupo, mzee mmoja. Maswali ya sheria aliyajibu yote. Alikwama kwenye kipimo cha macho."

Mzee huyo alikuwa baba wa fundi, naye fundi paa zamani, mpaka magoti yalipomshusha. Inspekta na konstebo walimkuta ameketi sebuleni, viatu bado miguuni.

"Mzee, nimetoka kumwona mwanao."

"Mguu wameuokoa?"

Inspekta hakuwa ametaja mguu.

"Bado. Anasema aliirusha yeye."

Mzee aliinamisha kichwa. "Mwongo huyo. Ni mimi."

Alieleza bila kusukumwa. Aliponyimwa leseni, mwanawe aliisajili droni kwa jina lake, akamwachia airushe uwanjani tu, naye akiwa pembeni. Ilikuwa makosa, wote wawili walijua, lakini fundi hakuweza kuvumilia kumwona baba yake akizeeka kitini. Siku ya ajali mzee aliichukua kimyakimya, akaenda nayo ghalani.

"Ulikwenda kumkagua?"

"Ndivyo anavyodhani. Tangu ashike nyundo nimekuwa nikimkosoa. Hata siku moja sijamwambia amefanya vizuri." Alijifuta macho kwa kiganja. "Nikaliona lile paa. Mistari imenyooka kuliko nilivyowahi kuinyoosha mimi. Nikataka kumwona uso, basi. Mistari niliiona, ila uso ulikuwa ukungu mtupu. Nikasogeza droni. Nikasogeza tena. Akashtuka, akarudi nyuma."

"Kisha?"

"Nilimfikia kabla ya watu. Akaniambia, 'Baba, weka rimoti mkobani, nenda nyumbani.'" Alivitazama viatu vyake. "Nikaenda. Nilimwacha pale chini, mwanangu wa kumzaa, nikaenda."

Konstebo alitazama dirishani. Inspekta naye alimwonea mzee huruma, ila huruma haifuti shtaka: kurusha bila leseni, tena juu ya kichwa cha mtu. Na mwana angeulizwa kwa nini alimwazima droni mtu asiye na leseni. Lakini sasa bima ingelipa, na mguu wake ungepasuliwa.

"Hilo la paa," aliuliza, "umeshamwambia?"

"Ningemwambia saa ngapi, afande?"

Inspekta alimshika mkono mpaka garini, akamfungulia mlango.

"Tunapitia hospitali kwanza," alisema. "Habari za droni utanieleza mimi kituoni. Hizi za paa kamweleze mwanao."